Mwache Achore Ziwa Lake

Mama mwenzangu, mwezi huu tuzungumze juu ya watoto wetu na uchoraji, nami nitaanza kwa kukiri kosa.

Binti yangu wa miaka minane alipewa boksi la pasteli za mafuta. Hizi ni rangi za vijiti zinazofanana na krayoni, ila ni laini zaidi na hukolea haraka. Jioni moja aliketi barazani, hapa kwetu Mukendo, akachora ziwa, mawe na mtumbwi. Ziwa akalipaka rangi ya machungwa. Nikamwambia, "Maji ni ya bluu, mwanangu." Nikachukua kijiti, nikalipaka upya mwenyewe. Akaniangalia, akasema taratibu, "Basi mama, sasa ni lako." Akafunika boksi. Zikapita wiki tatu bila kuchora.

Siku moja nilikuwa nikitoka sokoni Mwigobero, jua linazama. Nilipofika kilimani nikageuka kupumzika. Ziwa lote lilikuwa rangi ya machungwa! Mtoto alichora alichokiona; mimi nilipaka nilichokizoea. Usiku ule nilimwomba radhi. Si jambo jepesi kwa mzazi, lakini kesho yake boksi lilifunguliwa.

Baadaye nilijifunza kwamba pasteli hizi zilianza kutengenezwa Japani mwaka 1925 na kampuni ya Sakura, zikilenga watoto wa shule. Miaka hiyo mchoraji Kanae Yamamoto alikuwa akihimiza watoto wasinakili tu picha za vitabuni, bali wachore wanachokiona kwa macho yao.

Basi, ukitaka kumfundisha mwanao, fanya hivi:

1. Mpe karatasi nzito kidogo, kama manila au kipande cha boksi tupu. Tandika gazeti chini, maana rangi hizi huchafua nguo.

2. Aanze na rangi nyepesi, kisha aweke zilizokolea juu yake. Azichanganye kwa kusugua na kidole.

3. Apake rangi kali za kila aina, azifunike zote kwa nyeusi, kisha akwangue picha kwa njiti ya kiberiti iliyokwisha kutumika. Rangi za chini zitajitokeza, naye atafurahi sana.

4. Akimaliza, asugue mikono kwa mafuta kidogo ya kula, kisha anawe kwa sabuni.

5. Wadogo wanaotia kila kitu mdomoni wasiachwe peke yao na rangi. Boksi likae mbali na jua, vijiti visilainike.

Kama pasteli hazipatikani, krayoni za kawaida zinafaa pia.

La sita ni lako, mama: usishike kijiti cha mtoto. Usipoielewa picha, usiulize, "Hii nayo ni nini?" Sema, "Nieleze picha yako." Kisha keti, usikilize.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia.