Waacheni vijana waandike, mradi wasaini majina

KILA mwaka vyuo vikuu vinapofunguliwa, mzazi wa Rumonge, Nyanza-Lac au Makamba humpa mwanawe nauli, karo na wasia uleule: mwanangu, soma, mambo ya vyama waachie wenyewe. Wafanyabiashara wanaovuka Mugina na Kobero nao ni hivyo hivyo. Wengine huongeza kwamba hawakulala mpakani na magunia ya mchele ili kijana akaandike magazeti.

Woga huo siudharau. Mwaka 1972 kusoma peke yake kulitosha kumponza mtu. Juni 1995 wanafunzi waliuawa katika kampasi ya Mutanga, Bujumbura. Mwaka 2015 chuo kilifungwa na mamia ya wanafunzi wakapiga kambi nje ya ubalozi wa Marekani. Mzazi aliyeyaona hayo, au aliyesimuliwa na babake, ana haki ya kuogopa.

Hata hivyo nasema wasia wenyewe haumlindi mtoto, na mfano wangu nautoa ng'ambo ya mpaka, katika nchi iliyotulea wengi wetu.

Pale Mlimani, Dar es Salaam, mwaka 1967 wanafunzi waliunda umoja wao wa kimapinduzi, uliojulikana kwa kifupi kama USARF. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. John Garang wa Sudan Kusini naye alipitia humo. Mwaka 1969 umoja huo ukatoa jarida, Cheche. Lilipigwa taipu kwenye stensili na kurudufiwa na wanafunzi wenyewe. Mwaka 1970 mwanafunzi wa sheria, Issa Shivji, aliandika makala ndefu kuhusu matabaka ndani ya nchi iliyojiita ya kijamaa, ikajaza toleo maalumu zima. Wasomi, Walter Rodney miongoni mwao, wakaichambua kwa maandishi. Hebu fikiria: mwanafunzi anaandika, mwalimu anajibu hoja kwa hoja, na kila mmoja jina lake lipo pale chini.

Novemba 1970 umoja na jarida vyote vilipigwa marufuku. Hoja ilikuwa kwamba Tanzania ina itikadi yake na haina haja ya kuazima ya wageni. Mwaka uliofuata tawi la vijana wa TANU likaanza jarida jingine, MajiMaji. (Kasoro yangu moja kwa Cheche: jina Kiswahili, yaliyomo Kiingereza. Mchuuzi wa Kariakoo angeishia kwenye jalada.)

Sasa linganisha na kilichokuwapo Mlimani hiyohiyo katika miaka ya baadaye. Kulikuwa na maandishi ya ukutani yaliyoitwa Mzee Punch. Usiku watu wasiojulikana walibandika karatasi za kuwachamba wanafunzi na walimu, hasa wasichana waliokataa kutii matakwa yao. Hakuna aliyesaini. Hakuna mhariri wa kumwendea kudai masahihisho. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa na kundi hilo. Sisemi Punch alizaliwa kwa sababu Cheche lilifungwa. Ninachosema ni kwamba ukimkataza kijana kuandika penye jina lake, hujamnyang'anya kalamu. Ukuta bado upo.

Na leo ukuta uko mfukoni. Wanafunzi wangu wa lise hapa Rumonge wanatumiana kwenye simu habari zisizo na mwenyewe: fulani ni wa upande huu, fulani babake aliuza shamba la watu. Sisi waliorudi tukakuta mashamba yetu yana wakazi wengine tunajua maneno ya namna hiyo yanaweza kufika wapi. Mtoto aliyewahi kuwa kwenye klabu ya mdahalo, akatetea hoja asiyoipenda kwa sababu kura ilimwangukia, huuliza kwanza: nani kasema, na kaona wapi?

Mimi nilizaliwa Mishamo na kusoma huko kwa Kiswahili. Katika sekondari niliyosoma baadaye, mkuu wetu alitukataza watoto wa wakimbizi kubandika kitu kwenye ubao wa gazeti la shule. Alisema mgeni hajadili mambo ya mwenye nyumba. Tulitii. Niliporudi mwaka 2009 niliwakuta watu wazima wenzangu, waliolelewa hivyo hivyo, wanakaa kimya kwenye mikutano ya ardhi huku mashamba yao wenyewe yanagawanywa. Nje ya mlango ndipo walipoanza kunong'ona.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, ukienda kulipa karo uliza chuoni kama kuna klabu ya mdahalo na gazeti la wanafunzi, na kama gazeti lina mhariri mwenye jina. Kama linaandikwa Kifaransa au Kiingereza kitupu, omba hata kurasa mbili za Kiswahili ili nawe usome kile mwanao anachokiandika. Na ndugu zangu wa sokoni, rimu ya karatasi haishindi bei ya gunia la mchele. Nunueni tangazo la robo ukurasa: boti ya Kigoma inaondoka siku gani, mchele ni kiasi gani, simu ya muuzaji ni ipi. Vijana watapata fedha za wino, nanyi mtapata wateja.