Bastola za kujiundia: Kitui na Makueni kati ya sheria na hofu

MJADALA kuhusu nani anayestahili kumiliki bunduki hurejea Kitui kila kiangazi, wafugaji wa ngamia kutoka kaunti za Tana River na Garissa wanapovuka mpaka kutafuta maji na malisho. Katika maeneo ya Mutha, Ngomeni na Tseikuru, wakulima wameuawa na mashamba kuliwa na mifugo, na kilio cha wenyeji kimekuwa kile kile kwa miaka mingi: mvamizi ana bunduki ya rashasha, mkulima ana upinde.

Haki iwepo, si kila mfugaji ni mvamizi. Wengi hufukuzwa kwao na ukame, na wao pia wamezika watu wao katika mapigano hayo. Lakini tofauti ya silaha ndiyo huzaa fikra inayosikika hata katika karakana za vijijini, kwamba serikali ikichelewa, mwananchi ajitengenezee yake.

Fikra hiyo haikuzuka hewani. Wahunzi wa Kikamba walisifika tangu kale kwa kufua vyembe vya mishale, panga na minyororo. Mishale hiyo ilipakwa sumu ya mti uitwao kivai, na kabla ya bunduki kuenea ilitosha kumwangusha ndovu. Makueni, iliyopakana na mbuga ya Tsavo, inalikumbuka jambo hilo kwa namna yake: katika msako wa miaka ya 1956 na 1957, wakuu wa mbuga hiyo waliwakamata wawindaji wengi wa Kikamba na Kiwaliangulu ambao silaha yao ilikuwa upinde. Waliowafuata Tsavo miongo miwili baadaye walibeba bunduki za kivita. Uwindaji wa michezo nao ukapigwa marufuku nchini mwaka 1977, na tangu hapo raia wa kawaida anayeomba leseni hubaki na sababu chache za kutaja, kubwa ikiwa ni kujilinda.

Ni vyema kulinganisha na Marekani. Huko, mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kujiundia bastola kwa matumizi yake mwenyewe bila kuvunja sheria ya shirikisho, na wapo mafundi wanaojivunia bastola zinazojipakia risasi zenyewe, za risasi nzito kama ile ya milimita 10 iliyobuniwa mapema miaka ya 1980. Hata hivyo, nchi hiyo nayo imeanza kuhofia bunduki zisizo na nambari. Mwaka 2022 serikali yake ilitoa kanuni ya kudhibiti vifurushi vya vipuri vya kujiundia, na Mahakama ya Juu ikaiidhinisha kanuni hiyo Machi 2025.

Kenya haina mwanya wa aina hiyo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inamtaka kila mmiliki awe na cheti, na inakataza kutengeneza silaha kama biashara bila kusajiliwa. Serikali yenyewe ndiyo iliyojipa kazi hiyo: kiwanda cha risasi kiko Eldoret, na Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha kuunda bunduki huko Ruiru, kinachokusudiwa kutoa hadi bunduki 12,000 kwa mwaka. Kwa hiyo bastola za kujitengenezea ambazo polisi huzinasa mara kwa mara nchini ni silaha haramu tangu zinapotoka mikononi mwa fundi.

Mbali na sheria, kuna suala la chuma chenyewe. Risasi ya kawaida ya milimita 9 inapolipuka huzalisha shinikizo linalozidi mara 2,000 lile la hewa ya kawaida, tena karibu na mkono wa mpigaji. Bastola ya kiwandani hupimwa kwa ajili ya hilo. Bomba la karakana halipimwi, na likipasuka humdhuru kwanza aliyelishika. Na hata bastola bora kabisa haimsaidii sana mkulima anayefyatuliwa risasi kutoka mita 200. Aghalabu silaha hizo hutumiwa na wanyang'anyi dhidi ya mwenye duka au abiria, si mpakani.

Aidha, upungufu wa bunduki si tatizo la Kenya. Shirika la Small Arms Survey lilikadiria mwaka 2017 kwamba raia walikuwa na bunduki 750,000, na zilizosajiliwa hazikufika 10,000. Serikali iliteketeza 5,250 mwaka 2016 na nyingine 5,144 mwaka 2021, zote huko Ngong. Barabara kuu mbili, ile ya Thika kwenda Garissa inayopita Mwingi na ile ya Mombasa inayopita Makindu na Mtito Andei, hazihitaji mhunzi ili zipitishe silaha.

Kisheria, jibu lililopo kwa wanavijiji ni polisi wa akiba, wanaotambuliwa na Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011. Ni jibu lililoyumba. Mwaka 2019 serikali iliamuru polisi hao warejeshe bunduki, ikidai baadhi yao wanazitumia vibaya, kisha baadaye ikaanza kuwarudisha. Operesheni kubwa ya usalama ilipotangazwa Februari 2023, kaunti sita zilizotajwa zote zilikuwa za kaskazini mwa Bonde la Ufa na jirani zake. Kitui haikuwemo.

Leseni ya raia nayo, baada ya uhakiki mkali ulioamriwa Desemba 2018, ni ya mwenye fedha za kununua bastola dukani na muda wa kufuatilia karatasi jijini Nairobi. Mfanyabiashara wa mjini anaweza kuipata. Mkulima wa mtama huko Mutha, ambaye hatari yake inajulikana hata na chifu, hana njia ya kuifikia ofisi hiyo, na msimu ujao wa kiangazi utamkuta na upinde ule ule.