Si polio, lakini mguu umepooza

Mtoto anafikishwa kituo cha afya akiwa na malaria kali. Anachomwa sindano ya kwinini takoni, homa inashuka, mama anashukuru. Kesho yake akisimamishwa, unyayo mmoja unaning'inia na vidole vinakwaruza ardhi. Waganga wanalijua jambo hili kwa miaka mingi. Ndani ya tako unapita mshipa wa fahamu ulio mkubwa kuliko yote mwilini, ule wa siatiki, unaobeba amri za mwendo hadi kwenye goti, kifundo na vidole. Sindano ikichomwa katikati ya tako badala ya robo ya juu upande wa nje, au dawa kali kama kwinini ikimwagika kando ya mshipa huo, nyuzi zake zinaharibika. Mtoto mdogo, hasa aliyekondeshwa na utapiamlo, hana nyama ya kutosha ya kuukinga. Mwaka 1999 madaktari wa Uganda waliandika katika jarida la upasuaji la Afrika Mashariki na Kati kuhusu watoto waliopooza mguu baada ya sindano za kwinini, na hospitali ya Kumi, mashariki mwa nchi hiyo, imeendelea kupokea watoto wa namna hiyo hata baada ya hapo. Ni madhara yanayojulikana, yenye sababu inayojulikana na kinga inayojulikana. Kwa hiyo yanapotokea leo, neno la kuyaita ni uzembe, hata kama aliyeshika sindano hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Nalipima suala hili kwa kijiji cha Buleusa, katika grupma ya Ikobo, sekta ya Wanianga, teritwari ya Walikale, mashariki mwa Kongo, kwa sababu haki inayoweza kufika Buleusa itafika popote Kivu ya Kaskazini. Huko shamba liko mbali na nyumba, mzigo unabebwa mgongoni, na watu wa jamii zote wamekimbia na kurudi mara nyingi. Bunduki zinapolia, kila mwenye miguu anatumia miguu yake. Mtoto ambaye mguu wake mmoja umekufa anabebwa, na anayembeba anaacha kubeba kitu kingine: godoro, mbegu, mdogo wake. Hasara hii ni ya ukoo mzima na inadumu miaka yote ya uhai wake. Familia kama hiyo inadai nini, na kwa nani? Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba ni mapenzi ya Mungu, au kwamba malaria ilipanda kichwani. Mimi nasema inadai fidia, na kwamba ushahidi wa kuidai tayari unakusanywa na Serikali yenyewe, kisha unawekwa kando.

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi wanadhani haipo. Kitabu cha Tatu cha Kanuni za Kiraia za Kongo, kilichorithiwa kutoka amri ya mwaka 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuirekebisha. Kifungu cha 259 kinaongeza kwamba hasara iliyotokana na kutojali au kukosa uangalifu nayo inahesabiwa. Kifungu cha 260 kinamfanya mwajiri awajibike kwa kosa la mtumishi wake aliyekuwa kazini. Haki hiyo ya kiraia inadumu miaka 30. Iko pia njia ya jinai: Kanuni ya Adhabu inamwadhibu aliyemjeruhi mtu kwa kukosa tahadhari, kwa kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1. Kwa mwanakijiji njia hii ya pili ni nafuu zaidi, maana mwendesha mashtaka ndiye anayefanya uchunguzi na familia inajiunga tu kudai fidia yake.

Lakini njia hiyo nafuu inafungwa mapema mno. Kosa ambalo adhabu yake ya juu haizidi mwaka mmoja haliwezi kushtakiwa tena mwaka mmoja ukishapita. Mshipa wa fahamu uliojeruhiwa, ukibahatika kuota upya, unasogea kama milimita 1 kwa siku. Kutoka takoni hadi misuli ya unyayo wa mtoto wa miaka mitano ni kiasi cha sentimita 50, yaani siku 500. Daktari mwaminifu atawaambia wazazi wasubiri, na atakuwa amesema kweli. Watasubiri, watamkanda mtoto kwa mafuta, watamnyoosha kifundo kila jioni, na siku watakapojua kwa hakika kwamba mguu haurudi, mlango wa jinai utakuwa umefungwa miezi minne iliyopita. Haki ya miaka 30 inabaki, ila kuifuata kunataka wakili, safari na cheti cha mtaalamu. Na mahakama ziko wapi? Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, kazi ya mahakama za Serikali mjini humo imevunjika, na mji wa Walikale wenyewe ulichukuliwa Machi mwaka huohuo kabla ya wapiganaji kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Kumwambia mzazi wa Buleusa aende mahakamani ni kumfukuza kwa maneno ya adabu.

Hapo ndipo ninapotaka tuitazame polio. Ili kuhakikisha virusi hivyo havijifichi, nchi nyingi zimejenga mtandao unaotafuta kila mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye kiungo chake kimelegea ghafla, kwa sababu yoyote ile. Reko, yaani mhamasishaji wa afya wa kijiji, anatoa taarifa kwa muuguzi, muuguzi kwa zona ya afya. Sampuli mbili za choo zinachukuliwa ndani ya siku 14 na kusafirishwa mpaka maabara ya taifa ya INRB mjini Kinshasa. Fomu inajazwa: tarehe mguu ulipolegea, ni mguu upi, kama kulikuwa na homa, kama mtoto alichomwa sindano. Siku 60 baada ya mguu kulegea, hasa pale sampuli zisipokuwa timilifu, anapimwa tena kuona kama kupooza kumebaki. Ni kazi ya ajabu. Imevuka mito na vizuizi vya makundi yenye silaha, imechangia kuifanya Afrika itangazwe huru na polio ya asili mnamo Agosti 2020, na inaendelea kwa sababu polio itokanayo na virusi vya chanjo vilivyobadilika bado inasumbua Kongo. Mtoto aliyeharibiwa mshipa kwa sindano anaingia katika mtandao huohuo, na miongozo yake inamtambua kwa jina la ugonjwa wake. Kisha majibu yanatoka kwamba si polio. Kwa waliotafuta virusi, hiyo ni habari njema na kazi imekwisha. Kwa mtoto hakuna kilichokwisha. Karatasi yenye tarehe, mguu, sindano na, alipopimwa tena, hali ya siku ya 60, yaani karibu kila kitu ambacho hakimu angekiuliza, inabaki kwenye jalada ambalo familia haitaliona kamwe.

Watu wa tiba watanipinga hapa kwamba sindano kutangulia kupooza hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyopoozesha. Ni hoja nzuri na inastahili jibu kamili. Konzo, ile inayoletwa na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, nayo inalemaza, lakini hukamata miguu yote miwili na kuifanya iwe migumu. Malaria ya ubongo ikiacha ulemavu, mara nyingi huuacha kwenye upande mmoja wa mwili, au kwenye akili na macho. Polio yenyewe inaweza kuchochewa na sindano kwa mtoto ambaye tayari ana virusi, na ndiyo sababu kipimo cha choo hakiwezi kurukwa. Mshipa uliochomwa una alama zake: mguu mmoja, ule wa upande wa sindano, ndani ya saa chache au siku moja, pamoja na maumivu au ganzi inayofuata njia ya mshipa. Mganga wa zona aliye makini anaweza kutofautisha haya kwa mikono yake na nyundo ndogo ya mpira. Mashaka yatakuwepo katika baadhi ya watoto. Mashaka hayo ni sababu ya kupima vizuri, wala hayatoshi kumnyima yule ambaye hali yake haina shaka.

Pingamizi linaloniumiza zaidi ni la wauguzi. Wengi wa Kivu ya Kaskazini hawako kwenye orodha ya mishahara ya Serikali; wanaishi kwa kile wagonjwa wanacholipa, na wamebaki kazini wakati wengine wamekimbia. Je, ni mtu huyu tunayetaka kumfilisi? Hapana, na ndiyo maana sitaki fidia itegemee kumpata mwenye hatia. Mwaka 2021, chanjo za korona zilipoletwa kupitia mpango wa COVAX, ulianzishwa pamoja nazo mfuko wa kuwafidia watu wa nchi na maeneo 92 yenye kipato kidogo na cha kati, Kongo ikiwemo, endapo chanjo ingewadhuru vibaya. Mdai hakutakiwa kuthibitisha kosa la yeyote wala kukanyaga mahakamani. Alitakiwa kuonyesha madhara na chanzo chake. New Zealand inawafidia wagonjwa wake kwa njia ya namna hiyo tangu miaka ya 1970. Basi sindano iliyolindwa na hofu ya dunia nzima ilipewa mfuko wake, na sindano ya kwinini katika tako la mtoto wa Ikobo haikupewa. Sioni sababu ya haki inayoweza kuzitenganisha. Muuguzi aliyekosea arudishwe kwenye mafunzo, na vyama vya taaluma, cha madaktari na cha wauguzi, vishughulikie wale wanaorudia kosa. Fidia ni jambo la mtoto na Serikali iliyokipa kituo ruhusa ya kutibu.

Wapo watakaosema Serikali iliyo vitani haina fedha. Tuangalie basi mtoto huyu anahitaji nini: mazoezi ya viungo, kifaa cha kushikilia kifundo kinachobadilishwa kila anapokua, nauli ya kumfikisha kwa mafundi wa vifaa hivyo kama wale wa kituo cha Shirika la Umoja mjini Goma, ada ya shule, na kiasi fulani kwa familia kwa nguvu iliyopotea. Huo si mzigo wa kuangusha bajeti. Ninaloliogopa zaidi ni wizi. Mfuko wa kuwafidia wahanga wa vita vya Uganda nchini Kongo, unaotokana na dola milioni 325 ambazo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Februari 2022 Uganda izilipe, umeandamwa na kashfa, na wahanga wengi bado wanangoja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fidia ninayoipendekeza itolewe kama huduma inayolipwa moja kwa moja kwa anayetengeneza kifaa au anayefundisha, na kiasi cha fedha taslimu kitajwe hadharani mbele ya kamati ya afya ya kijiji, ambako kila mtu anamjua mtoto na anauona mguu wake.

Ipo faida ya pili. Serikali inayolipia kila mguu uliopooza itataka kujua kwa nini kwinini bado inachomwa takoni. Utafiti uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwa mojawapo, ulionyesha mwaka 2010 kwamba atesuneti, dawa nyingine ya malaria, inaokoa maisha zaidi kuliko kwinini: vifo vilikuwa asilimia 8.5 badala ya 10.9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ichukue nafasi ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Inaweza kupigwa kwenye mshipa wa damu au kwenye paja kwa mbele, mbali na ule mshipa wa fahamu. Mahali ambapo kwinini ya takoni ingali ikitumika, mara nyingi ni kwa sababu atesuneti imeisha stoo, au, hata pale ambapo vidonge vingetosha, wazazi wanaamini kwamba tiba isiyo na sindano si tiba. Fidia ingeligeuza upungufu wa dawa kuwa deni lenye namba.

Hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya wala mfuko. Mganga wa zona anapomrudia mtoto siku ya 60, ana fomu mkononi, na wazazi wako mbele yake. Wizara ya Afya inaweza kuagiza, kwa barua moja, kwamba fomu hiyo ijazwe nakala mbili, sababu ya kupooza iandikwe wazi kwa Kiswahili na Kifaransa, igongwe muhuri, na nakala moja ibaki kwa mama. Wakilazimika kukimbia tena, itakunjwa pamoja na kadi ya chanjo.