Inaonyeshwa Tena Lini?

Filamu ya Kiswahili inapokamilika siku hizi, safari yake hutabirika. Itazinduliwa usiku mmoja, wageni watapigwa picha mbele ya bango, mwongozaji atapewa kipaza sauti awashukuru waliomsaidia, na kesho yake ukumbi utakuwa na shughuli nyingine. Ikibahatika itapelekwa kwenye tamasha moja, kisha jingine, halafu itaishia kwenye simu za wachache wenye bando la kutosha. Mtu aliyesikia habari zake kazini siku ya pili, akiuliza inaonyeshwa tena lini, hapati wa kumjibu.

Swali la mtu huyo limefunikwa na swali jingine tunalolijadili zaidi: je, ukumbi mdogo wa sinema, unaojitegemea, usio na kampuni kubwa wala jengo la maduka nyuma yake, una nafasi gani katika miji yetu? Wengi hujibu haraka kwamba simu na televisheni zimekwisha kuumaliza. Naamini simu inasingiziwa. Ukumbi mdogo huuawa na ratiba yake. Leo uzinduzi, wiki ijayo mjadala wa wasanii, mwezi ujao siku tatu za filamu za ubalozi fulani: kila tukio linapigiwa mbiu upya, na wanaokuja ni wale wale wanaofahamiana. Ukumbi unaodumu ni ule ambao mkazi wa mtaani anaijua siku yake bila kutafuta tangazo.

Zanzibar iliwahi kuwa na kumbi za namna hiyo. Pale Vuga palisimama Royal, na baada yake, mwaka 1955, ikafunguliwa Majestic. Mji Mkongwe ulikuwa pia na Empire na Cine Afrique, zote katika eneo ambalo mtu analimaliza kwa miguu. Mwanahistoria wa Marekani Laura Fair, aliyekusanya kumbukumbu za watazamaji na wenye kumbi kwa miaka mingi na kuzitoa katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, anaonyesha jinsi sinema ilivyoingia ndani ya wiki ya watu. Jumapili ilikuwa siku ya picha la Kihindi. Familia zilivaa vizuri zikatoka pamoja, tiketi zilikwisha mapema, na walanguzi walisimama nje wakiuza za ziada kwa bei yao. Palikuwa na maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao, ambako mke au binti asiyeruhusiwa kutoka usiku alikwenda na shoga zake bila maneno ya mtu. Na kwa kuwa mara nyingi nakala ya filamu iliyofika kisiwani ilikuwa moja tu, kumbi mbili ziliweza kuionyesha usiku ule ule kwa kupeana mikanda: vijana wa baiskeli walichukua mkanda uliomalizika huku wakaukimbiza kule, watazamaji wakisubiri.

Watu wale hawakujiita wapenzi wa sanaa ya filamu. Walikuwa na desturi, na desturi ile ilijengwa na wafanyabiashara walioelewa kwamba picha nzuri haionyeshwi mara moja. Awara ya Raj Kapoor ilitoka mwaka 1951, ikarudi tena na tena kwenye kumbi za Afrika Mashariki, hadi watu wasiojua Kihindi wakawa wanaziimba nyimbo zake. Kila iliporudi ilikuta watazamaji wapya pamoja na wale wa zamani, na kizazi kimoja kikakirithisha kingine hadithi ile ile.

Wanaosema televisheni ndiyo iliyoua kumbi wakumbuke kwamba Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika, na kumbi zake ziliendelea miaka mingi baada ya hapo. Sababu za kuanguka kwake ni nyingi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kumbi za Visiwani ziliingia mikononi mwa serikali. Bara, sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo iligusa majengo ya sinema pia, na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ikapewa usimamizi wa uingizaji na usambazaji wa filamu. Fedha za kigeni zilipoadimika, picha mpya zikaadimika, mashine zikazeeka, kisha kanda za video zikaingia majumbani. Drive-In ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1966, ilikufa, na kwenye kiwanja chake sasa upo Ubalozi wa Marekani. Kumbi nyingine ziligeuka maduka.

Katika pengo hilo likaja Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Sitaki mtu adhani nalibeza. Kukaa Ngome Kongwe usiku, mamia ya watu mbele ya kitambaa kimoja, ni mojawapo ya mambo mazuri ambayo nchi hii imeyafanya kwa utamaduni wake, na tamasha hilo limezipeleka filamu hadi vijijini, Unguja na Pemba. Lakini tamasha ni la siku chache. Linapofungwa, wageni hupanda boti, na mwenyeji aliyekosa filamu usiku ule huwa ameikosa.

Chukua Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Mwaka 2021 ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, na Tanzania ikaipendekeza kwa tuzo za Oscar, jambo ambalo nchi yetu ilikuwa haijalifanya tangu filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001. Hadithi yake ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950, miaka ile ile Majestic ilipofungua milango. Filamu kama hiyo ilistahili kukaa Mji Mkongwe miezi mizima, mjukuu aende na bibi yake, kisha bibi arudi na jirani yake kubishana kama mambo yalikuwa hivyo kweli. Ubishi huo ni sehemu ya filamu, na hauwezi kukamilika katika usiku mmoja wa wageni waalikwa.

Watetezi wa matamasha wana hoja nzito, na mfano wao bora uko Chad. Mwongozaji Mahamat-Saleh Haroun alipopata Tuzo ya Majaji kule Cannes mwaka 2010, serikali yake iliguswa; mapema mwaka 2011 ukumbi wa Le Normandie wa N'Djamena, uliokuwa umefungwa kwa miaka mingi kwa sababu ya vita, ukafunguliwa upya. Kwa hiyo tuzo inaweza kuzaa ukumbi. Nakubali. Ninachokataa ni hesabu ya hapa kwetu, ambapo tuzo huzaa hafla ya tuzo, hafla huzaa kamati ya hafla ijayo, na fedha ya umma inayotengwa kwa ajili ya filamu inaishia kwenye jukwaa, taa na hoteli.

Wakati huo huo watu wanaendelea kwenda sinema kila siku, ila hatupaiti sinema. Namaanisha vibanda umiza. Mabenchi ya mbao, skrini moja au mbili, mechi za Uingereza mwisho wa wiki, na siku nyingine picha zilizotafsiriwa. DJ huingiza sauti yake juu ya filamu, anaeleza, anatania, anampa stelingi jina la mtaani, anamkumbusha mtazamaji nani alimsaliti nani. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, alijijengea jina kubwa kwa kazi hiyo. Uganda wenzetu wanao ma-VJ wao, na kazi yao ni ile ile. Nje ya kibanda kuna ubao wa chaki: saa nane picha hii, saa kumi na moja mechi hii, saa mbili usiku picha ile. Hiyo ni ratiba kamili. Kiingilio ni cha mtu wa mtaa, na mteja anakwenda kwa miguu.

Najua lawama zinazoelekezwa kwa vibanda, na nyingi ni za haki. Watoto hutoroka shule. Mtengenezaji wa filamu halipwi. Wanawake wengi hawajisikii salama mle ndani, na hilo peke yake linaondoa nusu ya mtaa. Lakini ukumbi mdogo unaoanza leo, wenye viti vizuri na mashine halali, ukidharau ubao ule wa chaki utakuwa umetupa somo la bure. Mwenye kibanda amejua jambo ambalo wasomi wa sanaa tumelisahau: mtazamaji hutafuta kwanza mahali na saa, filamu baadaye.

Nairobi ilitupa ushahidi mwingine Septemba 2018. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa imepigwa marufuku na bodi ya filamu ya Kenya. Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa watu wazima kwa siku saba, ili isikose kupendekezwa kwa tuzo za Oscar. Ubishi kuhusu maudhui yake ni mkubwa na si wa makala haya. Kinachonihusu ni siku saba zile: tiketi zilikwisha, saa za maonyesho zikaongezwa. Mtu anaweza kusema marufuku ilikuwa tangazo tosha, na ni kweli. Hata hivyo tangazo lile lingeishia kwenye maneno kama pasingekuwa na kesho na keshokutwa ya kununua tiketi. Aliyesikia Jumatatu aliweza kwenda Jumatano. Huko huko Nairobi, ukumbi mdogo wa Unseen ulizipa nafasi filamu za Kiafrika zisizo na kampuni kubwa nyuma yake, zikifuatana na mazungumzo na watengenezaji wake.

Tuseme ukumbi una viti 60. Uzinduzi ukijaa, ni watu 60, wengi wao jamaa na marafiki wa waigizaji. Filamu ile ile ikipewa kila Alhamisi kwa wiki nane, na ukumbi ujae nusu tu kila mara, ni watu 240. Tofauti kubwa zaidi iko katika aina ya watu. Wa wiki ya kwanza waliitwa na mwongozaji. Wa wiki ya sita wameitwa na jirani. Hao wa wiki ya sita ndio umma, na filamu zetu hazijakutana nao.

Siku nyingine za wiki zina wenyewe. Jumamosi mchana iwe ya watoto, na hapo Supa Modo ya Likarion Wainaina, hadithi ya binti mgonjwa anayeota kuwa shujaa na kijiji kinachojitolea kumtengenezea filamu, ifanye kazi iliyotengenezewa. Jumapili irudishiwe picha la Kihindi bila aibu. Maonyesho ya mchana ya wanawake yarejee. Jumamosi moja ya mwezi iwe ya filamu za zamani za kwetu: Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 na Maangamizi zinastahili kuonekana na watu wasiokuwa wamezaliwa zilipotoka. Na DJ wa kibanda aalikwe kutafsiri hadharani, kwa malipo, filamu ambayo haki zake zimelipiwa. Picha ya usiku ianze baada ya swala ya Magharibi na iishe kabla daladala hazijaadimika. Mazungumzo ya baadaye yasizidi dakika 20. Nimeona filamu nzuri ikizikwa na wazungumzaji wanne kwenye meza ndefu. Mwezi wa Ramadhani upumzike, na nguvu zote ziwekwe kwenye Idi, kama walivyojua wenye kumbi wa zamani.

Gharama ni kikwazo cha kweli. Umeme, haki za filamu, mashine na vibali havipungui kwa sababu viti ni vichache. Bodi zetu za filamu zingeweza kupanga ada kwa ukubwa wa ukumbi na kuharakisha ukaguzi wa filamu ambazo zimekwisha kuonyeshwa nchini. Kuhusu ruzuku, Ufaransa inatoza asilimia 10.72 ya bei ya kila tiketi ya sinema, fedha hizo zinasimamiwa na taasisi ya taifa ya sinema, na sehemu yake huzirudia kumbi ndogo. Kinachonivutia ni sharti: ukumbi hupimwa kwa filamu ulizoonyesha na uzito uliozipa kwenye ratiba. Tozo ya kiwango kile hapa kwetu ingevibana vikumbi vilivyopo, lakini sharti lile tunaweza kulichukua kesho. Halmashauri au wizara inayotoa shilingi kwa ukumbi iulize kwanza: filamu ya nyumbani ilikaa hapa siku ngapi?

Kwa miaka kadhaa watu wa shirika la Hifadhi Zanzibar wamekuwa wakiipigania Majestic ifufuliwe, nami nawaunga mkono kwa moyo wote. Watakaokabidhiwa funguo zake wakae kwanza na waliowahi kuuza tiketi pale, na kina mama waliokwenda maonyesho ya mchana, na wenye vibanda umiza wa Ng'ambo, waipange wiki ya kawaida ya ukumbi huo kabla ya kuchagua rangi ya viti. Na siku tarehe ya ufunguzi itakapotangazwa, tangazo hilo hilo lichapishe filamu za miezi mitatu ya mwanzo, kila moja na siku zake zote.