Daftari la wiki: Amata yanyoye abana

Mvua ikishika Bweyeye nchini Rwanda, pembeni mwa msitu wa Nyungwe, mwenye Kiswahili hulalamika kama mtu wa Mombasa: nyumba imeingia maji. Nyumba haijaenda popote. Ila ndiyo inayomuuma msemaji, kwa hiyo inatangulia.

Kalamu nyekundu, tena. Mtoto kaandika "huyu mtoto analia". Mwalimu kakata, juu yake kaweka "mtoto huyu". Nyumbani kwao husemwa, kwa Kinyarwanda, "uyu mwana": kionyeshi mbele, na "umwana" anadondosha irabu yake ya mwanzo. Na Kiswahili chenyewe hakikatai. Msimulizi wa hadithi gani hajasema "yule sungura"? Mtoto hajakosea, na alama yake irudishwe.

Mpangilio hutofautiana: Wamaasai huanza sentensi na kitenzi.

Jambo lililolishika daftari hili wiki nzima liko ng'ambo ya mpaka, Burundi. Mrundi husema "abana banyoye amata", watoto wamekunywa maziwa. Husema pia "amata yanyoye abana". Neno kwa neno, maziwa yamekunywa watoto, lakini hakuna anayeogopa. Tazama kitenzi: "ba-" ya watoto imeondoka, imekuja "ya-" ya maziwa. Sentensi hii humjibu anayeuliza nani hasa kayanywa: watoto, si wakubwa. Maziwa yalikwisha tajwa, yakae mbele. Habari mpya ni watoto, wakae mwisho. Kinyarwanda nacho hugeuza hivyo, na Mnyarwanda Alexandre Kimenyi alikieleza katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1980. Geuza watu wawili, mmoja kamwona mwenzake, na mambo huharibika: kila mmoja ana macho, msikilizaji hajui nani kamwona nani. Maziwa hayana kinywa. Ujuzi huo wa kila siku ndio unaoruhusu maneno kuhama.

Katika lugha zaidi ya 1,370 zilizolinganishwa kwenye atlasi ya miundo ya lugha duniani, zipatazo 560 huweka kitenzi mwisho kabisa. Zipatazo 490 hukiweka katikati, kama Kiswahili na Kinyarwanda. Zinazomtanguliza mtendwa hazifiki 20.

Mwanaisimu Joseph Greenberg alipotafuta kanuni za mpangilio wa maneno mwaka 1963, alichagua lugha 30. Kiswahili kilikuwamo, Kimaasai pia. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Walimu wa Kiswahili huko wanastahili kupewa "amata yanyoye abana" kabla ya kupewa kalamu nyekundu.