TAHARIRI: MRADI UNAFIA WAPI?



Mwaka 1971 Serikali iliweka mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwanakijiji wa Tanzania apate maji safi umbali usiozidi mita 400. Mwaka 1991 ulifika, na akina mama wengi bado walikuwa njiani na ndoo kichwani.

Misaada ilikuja. Kwetu Mara, na kwa jirani zetu wa Mwanza na Kagera, Uswidi ilisaidia. Lakini huko vijijini mafuta ya mashine yakiisha, au kipuri kikivunjika, watu husema, "Hayo ni maji ya Serikali, wenyewe watakuja." Mwaka 1985 ukaanza mradi wa HESAWA katika mikoa hiyo mitatu: visima vifupi, pampu za mkono, kamati za maji na mifuko ya vijiji. Mradi ulikwisha mwaka 2002. Wafadhili wakaenda zao, visima vikabaki na wenyewe.

Je, wenyewe tumefanya nini? Tuseme kweli, jamani. Pampu inasimama kwa kukosa kipande cha mpira. Kamati inasema mfuko ni mtupu. Wananchi wanasema, "Hatutoi tena, mbona za mwaka jana hatukusomewa?" Anayeuliza hesabu anaambiwa eti analeta fitina. Mradi unafia hapo hapo mkutanoni, na kisima bado kina maji! Watoto wanarudi kuteka ziwani, kwenye kichocho.

Sheria ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, na ikaweka vyombo vya watumia maji viendeshe miradi vijijini. Lakini sheria haikazi nati. Hebu tupige hesabu: kaya 60 zikitoa Sh. 500 kila mwezi, ni Sh. 30,000. Kwa mwaka ni Sh. 360,000. Je, mpira wa pampu utatushinda?

Sisi wa ushirika tunashauri mambo matatu. Kwanza, mapato na matumizi ya maji yabandikwe hapa ukutani kila mwezi, kila mtu asome. Pili, fundi wa pampu alipwe, asiishi kwa ahsante. Tatu, akina mama wawe wengi katika kamati, maana ndio wanaobeba ndoo.

Nasi tunaodai hesabu tulipe kwanza. Asiyetoa chake hana mdomo mkutanoni, na aliyetoa asizibwe mdomo.

Kazi kwetu.