Bia Inayouzwa Sana Ndiyo Tamu Sana? Maoni ya Mtu Asiyekunywa

Wiki jana nilikuwa kwenye basi nikirudi Garissa kutoka Nairobi. Pale Mwingi basi husimama ili watu wale, waswali na kunyoosha miguu. Nyuma yangu walikuwa wamekaa walimu wawili wanaobishana kuhusu bia. Mmoja alishikilia kwamba Tusker ndiyo bia bora Kenya, na ushahidi wake ulikuwa mfupi: ingia baa yoyote kuanzia Busia hadi Voi uone watu wameshika nini mkononi. Mwenzake akamjibu kwamba wameshika hiyo kwa sababu ndiyo iliyo kwenye friji.

Wakaniomba niamue. Nikawaambia mimi ni mtoto wa Garissa, sijawahi kuonja bia maishani mwangu. Wakaangua kicheko. "Basi wewe kaa kando, kesi hii si yako."

Haya, nikakaa kando. Lakini kutoka Mwingi hadi daraja la Tana ni karibu kilomita 200, na barabara ile haina mengi ya kutazama. Nikafikiri. Na nilivyozidi kufikiri ndivyo nilivyoona kwamba kesi ile ni yangu kabisa. Hebu fikiria: kama mtu asiyejua ladha ya bia hata kidogo anaweza kueleza kwa nini bia fulani inauzwa sana na nyingine haiuziki, basi ladha inachangia nini katika hesabu hiyo? Mimi sina ulimi wa kunidanganya. Nina data tu.

Tuanze na barabara yenyewe. Mwingi Tusker inauzwa waziwazi. Ukifika Garissa hutaiona dukani. Ipo katika kantini za kambi za polisi na sehemu chache wanakokwenda zaidi wageni waliokuja kikazi, basi. Chupa ni ileile na kiwanda ni kilekile. Kama mauzo ni kipimo cha utamu, itabidi tuseme bia hiyo huchacha ikivuka Mto Tana. Najua utaniambia huo si mfano wa haki, sisi hapa hatunywi kwa sababu ya dini. Sawa kabisa. Lakini umeona ulichofanya? Umetaja sababu ya mauzo ambayo haina uhusiano wowote na ladha, na umeikubali papo hapo. Nitakuonyesha nyingine, na safari hii kati ya wanywaji wenyewe.

Mwaka 2004 Kenya Breweries walitoa Senator Keg, bia ya pipa ya bei ya chini. Serikali iliisamehe ushuru ili watu wa kipato kidogo waache chang'aa. Ikashika moto. Watu wakaipa jina la Obama, maana wakati huo Barack Obama alikuwa seneta Marekani. Mwaka 2013 serikali ikarudisha nusu ya ushuru ule, bei ya glasi ikapanda, na mauzo yakaporomoka kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2015 msamaha mkubwa ukarudishwa na mauzo yakaanza kupanda tena.

Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii. Ukitaka kujua ni kitu gani kinasababisha hitilafu, unabadilisha kigezo kimoja, vingine vyote unaviacha vilivyo, kisha unatazama matokeo. Mara chache maisha hukupa jaribio safi namna hii. Bia haikubadilika. Hakuna aliyeamka asubuhi moja mwaka 2013 akakuta Senator imekuwa chungu. Kilichobadilika ni tarakimu moja katika sheria ya ushuru.

Nitaongeza jambo moja hapa, ingawa si la furaha. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti za Embu, Kitui, Makueni na Kiambu kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Sisemi kwamba ushuru ndio uliowaua, sina ushahidi huo. Nasema tu kwamba vinywaji vile navyo vilikuwa na wateja wengi. Kama kununuliwa sana ni cheti cha ubora, basi sumu ile nayo ilikuwa na cheti.

Sasa tuje kwa Tusker yenyewe, maana mwalimu wangu wa Mwingi asije akasema nimemkwepa. Kampuni ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na ndiyo maana bia ikapewa jina la tembo dume mwenye pembe kubwa. (Kumwenzi ndugu yako kwa kuweka picha ya mnyama aliyemuua kwenye chupa, hilo nalo ni la kwao.) Mwaka 1998 South African Breweries walifungua kiwanda Thika, pale pale inapoanzia barabara yetu ya Garissa, wakaanza kuuza Castle. Wakenya wa umri wangu walikuwa watoto, lakini wakubwa wetu bado wanavikumbuka vita vile vya matangazo. Mwaka 2002 vita vikaisha. Viliishaje? Wakubwa wa kampuni walikaa mezani wakaelewana: kiwanda cha Thika kikafungwa, na upande wa Tanzania East African Breweries wakafunga kiwanda chao cha Kibo kule Moshi. Kila upande ukapata asilimia 20 ya kampuni ya mwenzake. Baada ya hapo Castle ya Kenya ikawa inatengenezwa na Kenya Breweries, mpinzani wake wa jana, na Tusker ya Tanzania ikatengenezwa na Tanzania Breweries.

Nakubali kwamba Castle ilikuwa imeshindwa kupata sehemu kubwa ya soko kabla ya hapo. Inawezekana kuna walioionja wakaikataa. Lakini soma maneno ya Tusker yenyewe: "Bia yangu, nchi yangu." Ladha iko wapi hapo? Kampuni ambayo ingeweza kukuambia chochote kuhusu bia yake imechagua kukuambia wewe ni raia wa wapi. Hao ni watu wanaolipwa kujua kinachouza bia. Mimi nawaamini.

Na si Kenya tu. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Marekani, Ralph Allison na Kenneth Uhl, walichapisha jaribio ambalo wanywaji walipewa chupa za bia zisizo na lebo. Kwa jumla walishindwa kuzitofautisha, na hata bia waliyoizoea hawakuipa alama za juu kuliko nyingine. Lebo ziliporudishwa, alama zikapanda, na kila mtu akagundua ghafla kwamba bia yake ndiyo tamu. Kwa hiyo hata ulimi wa mnywaji ninayeambiwa niunyamazie unasoma lebo kwanza.

Lakini nisiivute kamba mpaka ikatike. Sidhani ladha ni sifuri. Tena kuna ubora ambao hauko kwenye ulimi: chupa uliyofungua Kisumu kuwa sawa na uliyofungua Mwingi, na kuamka kesho ukiwa na macho yako yote mawili. Hilo si dogo, na kampuni kubwa hulifanya vizuri. Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi kwa sababu ni wa watu wa kompyuta kama sisi. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha matokeo ya tovuti waliyoitengeneza yenye nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Wasikilizaji zaidi ya 14,000 waligawanywa: wengine hawakuonyeshwa wimbo upi umepakuliwa mara ngapi, wengine waliwekwa katika dunia nane zilizotengana, kila dunia ikijihesabia yake. Ikawa wimbo unaoongoza dunia hii unakuwa wa katikati dunia ile. Nyimbo nzuri kabisa mara chache zilishika mkia, na mbovu kabisa mara chache ziliongoza. Zile za katikati ziliweza kuangukia popote. Na watafiti walipozipanga nyimbo kwa safu moja, iliyopakuliwa zaidi ikiwa juu, pengo kati ya washindi na walioshindwa likazidi kupanuka.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikosesha usingizi kwenye basi. Maana mimi nimeandika safu hiyo.

Hapa Garissa kinywaji chetu si bia, ni chai ya maziwa ya ngamia. Mwaka jana kikundi cha wauzaji maziwa kiliniomba niwatengenezee programu ndogo: mwenye hoteli anafungua simu, anaona orodha ya wauzaji, anaagiza lita anazotaka, analipa kwa M-Pesa. Kazi ya wiki tatu. Nilipofika kwenye orodha nilijiuliza nani aanze, na bila kufikiri hata dakika moja nikaandika kile ambacho kila mwanaprogramu huandika:

ORDER BY mauzo DESC

Anayeuza sana akae juu. Nilidhani hiyo ni haki. Nilidhani hata ni demokrasia!

Baada ya kama miezi miwili mama mmoja wa kikundi akanisimamisha sokoni. Namwita eddo, yaani shangazi, kama tunavyowaita hapa kina mama wa umri wake. Maziwa yake yanatoka upande wa Balambala na gari linafika saa nne asubuhi, wakati wenzake wanaopata maziwa karibu na mji wanakuwa wameanza kuuza saa moja. Kabla ya programu yangu alikuwa akipeleka maziwa hoteli tisa. Sasa zilibaki tatu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Kijana wangu, maziwa yangu yameharibika lini?"

Sikuwa na jibu. Maziwa yake hayakuharibika. Anafukiza vyombo vyake kwa moshi wa kuni kama alivyofundishwa na mama yake, yanakaa mpaka jioni bila kuchacha. Kilichotokea ni kwamba siku ya kwanza waliofika mapema waliuza kwanza, wakapanda juu ya orodha. Wenye hoteli wana haraka, wanabofya jina la kwanza au la pili. Kesho yake waliouza jana wakawa juu tena. Kufikia mwezi wa pili eddo alikuwa ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili, wasomaji wangu, ni sawa na kuwa ng'ambo ya mto. Ukimuuliza mwenye hoteli kwa nini haagizi kwake, alikuwa na jibu tayari: "Mbona hauzi? Lazima maziwa yake yana kasoro." Ni hoja ya yule mwalimu wa Mwingi, ila safari hii nimeiandika mimi kwa mkono wangu.

Nilipofika nyumbani kutoka safari ile nilibadilisha programu. Sasa orodha inachanganywa upya kila asubuhi kwa bahati nasibu. Kando ya kila jina kuna namba mbili: kati ya walioagiza mara moja, wangapi walirudi, na lita ngapi zilirudishwa kwa sababu zimechacha au zimetiwa maji. Jumla ya mauzo nimeiondoa kwenye skrini ya mteja. Muuzaji anaiona ya kwake peke yake.

Msidhani nilipigiwa makofi. Wauzaji wakubwa walikuja kunilalamikia kwamba nimewapokonya nafasi waliyoitolea jasho, na hoja yao ina uzito: kuamka saa kumi usiku ili ufike wa kwanza ni kazi, na mwenye hoteli anayetaka maziwa ya chai ya asubuhi anaihitaji kazi hiyo. Kwa hiyo nimeongeza saa ya kufika kama namba ya tatu. Mwenyekiti bado anataka mpango wa zamani urudi, na tumepanga kikao baada ya mwisho wa mwezi. Kuna hitilafu nyingine pia: muuzaji mwenye mteja mmoja aliyerudi anaonyesha asilimia mia moja, jambo ambalo ni upuuzi wa aina yake. Mwenye wazo la kulitatua hilo kwa data kidogo namna hii aniandikie.

Eddo amefikisha hoteli sita. Hoteli moja, ambayo haikuwahi kununua kwake hata kabla ya programu, ilimwagiza siku mbili kisha ikaacha. Mwenyewe alisema moshi umezidi, unaiharibia chai yake. Nilikwenda kumwambia eddo nikiwa na wasiwasi atavunjika moyo. Hakufurahi, akabana midomo kidogo, akaendelea kumimina maziwa.

"Huyo ameonja," akasema.